Kikazio cha Sita

Mimi ni fundi wa magitaa na amplifaya, na ni mtu wa hasira, sijifichi. Miaka yote hii hakuna mtu wa nyumba ya mdogo wangu aliyekanyaga kwangu. Kwa hiyo binti yake aliponipigia simu na kusema, "Shikamoo baba mkubwa, nina shida ya kikazi," nusura nikate. Angesema shida ya kifamilia, nisingekwenda. Lakini kazi ni kazi.

Yuko kwenye ofisi inayohifadhi filamu za zamani. Chumba kina baridi kama mochwari, makopo yamepangwa hadi darini. Akanipa kiti, akanipa chai, akanieleza: wamepata kopo moja halina tarehe. Ndani mna filamu ya bendi ya roki, dakika nne, haina sauti. Bendi yenyewe ni ya marehemu baba yake.

"Nataka mwaka tu, baba mkubwa. Wanasema wewe ukiona nati unajua ilifungwa lini."

"Wanasema mengi. Washa basi, chai isije ikapoa."

Wakatokea kwenye kioo, vijana watano, nguo nyeupe tupu. Suruali za bugaluu zinafagia jukwaa, miguuni viatu vya raizoni, kama wamepanda matofali. Nikacheka, sikutaka. Hata drams walizipaka nyeupe. Halafu katikati nikamwona mdogo wangu, kijana mwenye afya zake, na gitaa jeupe kifuani. Kicheko kikaniishia.

Nilimpenda yule mtoto jamani. Mama alipofariki nilimlea mimi. Gitaa lake la kwanza nililichonga kwa mikono yangu, mbao nyekundu, miezi minne. Kikazio kimoja cha nyuzi kilikosekana, nikakitengeneza kwa mpini wa kijiko cha mama. Nikamwambia, hili usiliuze hata ukilala njaa. Akaapa. Haikupita miaka miwili, mteja akaniambia amemwona jukwaani na gitaa jeupe. Sikuuliza. Barua zake tatu nilizirudisha bila kuzifungua. Na gari la bendi lilipopinduka likamuua, sikwenda kumzika. Ndivyo nilivyokuwa, na nilijiona nina haki.

"Andika ni baada ya sabini na tatu," nikasema. "Ndio mwaka aliouza gitaa langu."

"Aliliuza? Nani kasema?"

"Langu lilikuwa jekundu. Hilo ni rangi gani? Na lenyewe bovu, mtazame, kila akipiga kidogo anakaza uzi. Ndivyo vilivyo vya kununua!"

Hakubishana. Ana upole wa baba yake, upole unaoudhi. "Sawa. Na ile amplifaya nyuma yake?"

Nikasogea. Wengi wakitaka kujua umri wa kifaa hutafuta jina la kiwanda. Mimi hutafuta kiraka. Kiwanda hutoa maelfu yanayofanana, lakini kiraka kina siku yake na mkono wake. Na mbele ya spika palikuwa na kiraka cha kitambaa cha drafti, kazi ya mkono wangu. Kitambaa kilibaki tuliposhona sare ya kifunguamimba wangu alipoanza darasa la kwanza.

"Januari, sabini na sita," nikasema. "Aliileta kiongozi wa bendi. Na baba yako alifariki Aprili mwaka huohuo. Basi ni kati ya hapo."

"Baba hakuja naye?"

Mwongo si mimi. "Alikuja. Alisimama ng'ambo ya barabara, mfuko wa gitaa begani. Kiongozi akaniambia, mdogo wako ana gitaa linataka mkono wako. Nikamjibu, alipeleke kwa aliyemuuzia. Nikafunga dirisha."

Akaweka kalamu chini. Kisha akairudisha filamu nyuma, akaikuza picha pale kwenye kichwa cha gitaa, vikazio vinapokaa.

"Baba mkubwa, hiki ni nini?"

Vitano vidogo, sawasawa. Cha sita kirefu, bapa, kimepinda kidogo, na mwishoni kina ua. Vijiko vya mama vilikuwa na ua mwishoni.

Mungu wangu. Walipaka rangi kila kitu. Walipaka drams, wakapaka na gitaa langu. Nimefundisha vijana wangapi mimi? Rangi ni nguo, nawaambia, usikitambue chombo kwa nguo. Na kwa mdogo wangu, damu yangu, nikatazama nguo. Tena hata sikutazama mwenyewe. Niliambiwa.

Nikalia. Mzee mzima, mbele ya mtoto niliyekataa kumjua, nililia hadi chai ikapoa. Yeye akanishika bega tu.

"Lipo nyumbani," akasema baadaye. "Juu ya kabati la mama. Kikazio hicho bado kinalegea. Nilitaka kulipeleka kwa fundi, mama akakataa katakata. Anasema baba aliusia lisiguswe, lina fundi wake. Eti ana hasira tu, zitamwisha."

Akachukua kalamu. "Kwa hiyo niandike sabini na sita?"

"Andika. Halafu irudishe mwanzo."

Akairudisha. Mdogo wangu akatokea tena, akapiga kidogo, uzi ukalegea. Akainama, vidole vikaenda kwenye kijiko cha mama, akakaza. Akapiga. Ukalegea. Akakaza tena, huku anatabasamu, kama mtu anayemstahi mgonjwa wake. Dakika nne nzima.

Kurekebisha kikazio kile ni kazi ya dakika tano. Angevuka tu barabara.