Nyuso Alizozivaa Mchungaji Anyitike

Mchungaji Anyitike ameketi katika chumba cha nyuma ya kanisa, joho la kiongozi mpya wa kanisa likiwa mapajani pake, akingoja mvua ipungue. Joho si lake. Miaka yote waumini wamemwambia zamu yako inakuja, Baba, na zamu imekuja ikampita, ikamwangukia Subilaga, binti ambaye Anyitike alimbatiza kwa mikono yake mwenyewe, na alasiri hii ni Anyitike atakayemvika. Anafumba macho kidogo, apate nguvu ya kutabasamu, na ukuta ulio mbele yake unageuka barabara.

Barabara haina mwisho wala kivuli. Anatembea, ukungu unatembea naye, hadi anafika mji ambao kuta zake zote ni vioo, na katika kila kioo yumo yeye, amevaa joho. Moyo wake unachanua. Watu wanatoka majumbani wakiimba jina lake, na wanapokaribia anaona hawana nyuso. Palipostahili kuwa na macho na mdomo ni laini kama yai lililomenywa. Mmoja anamshika mkono, anamketisha kwenye kiti kirefu. Tumekungoja, kiongozi wetu, anasema. Anyitike anamuuliza, mmepatwa na nini? Kilichotupotea, anajibu yule asiye na uso, kiko karibu nawe kuliko pumzi yako. Wimbo unapanda, na kadiri unavyopanda kichwa cha Anyitike kinakuwa kizito, shingo inapinda. Nyuso zenu ziko wapi? anapaza sauti. Umezivaa, Baba.

Anapapasa shavu, na kidole kinakuta ukingo mwembamba, kama ganda la kitunguu. Anavuta. Unabanduka uso wa mzee Kibona, mpiga kengele aliyezikwa pasipo yeye kufika. Chini yake uko uso wa mama aliyetunga nyimbo za kwaya, sifa zikamwendea mchungaji. Chini yake, Subilaga wa utotoni. Vioo vinaanza kumpoteza, kimoja baada ya kingine, na hofu inamshika: zikiisha, atabaki nani? Mkono unataka kuacha. Lakini mbele ya kiti amesimama mtu mdogo, kichwa kimeinama upande kama anayesikiliza hatua za mama yake, na Anyitike anashuka, anapiga magoti, anamvika uso ule wa utotoni. Mtoto anafumbua macho, anacheka. Kicheko kinamwingia Anyitike kifuani kama chake, naye anabandua na kugawa, anabandua na kugawa, mpaka vioo vyote viko vitupu na yeye hajui kama ana uso, wala hajali kuutafuta.

Baba, amka, wanatusubiri. Ni Subilaga, ameinama juu yake. Subi, unaniona? anamuuliza. Nakuona, Baba. Naogopa, anasema, laiti ungechaguliwa wewe. Hilo ndilo neno Anyitike aliloliwaza usiku na mchana tangu kura zipigwe. Analingoja limpoze, nalo halina ladha yoyote. Twende mwanangu, anasema, niko nyuma yako.

Anafungua mwavuli, anaushika juu ya kichwa cha Subilaga peke yake, wanavuka uwanja. Maji yanamtiririka shingoni, nayo ni ya uvuguvugu, ilhali mvua ya Rungwe tangu azaliwe ni baridi. Mlangoni umati unaimba jina la Subilaga, na katika ukungu ule haoni uso hata mmoja. Pengine bado amelala. Anausogeza mwavuli zaidi upande wa binti, na kuimba anaimba, kwa sauti kuliko wote.