Magauni ya Mwalimu

Fundi alipostaafu alifunga kibanda chake cha ushonaji, lakini cherehani alikataa katakata kuiuza. Aliibeba hadi nyumbani, akaiweka sebuleni chini ya dirisha, na kila aliyeuliza alimwambia ni pambo tu. Pambo gani hilo linalotiwa mafuta kila wiki? Mkewe, aliyefundisha hesabu mpaka nywele zikawa nyeupe, alikuwa amestaafu kabla yake. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na mumewe alimwita hivyo hivyo tangu enzi za uchumba, siku binti huyo alipokwenda kibandani kushonesha gauni akamsahihisha hesabu ya mita mbele ya wateja. Wa tatu nyumbani alikuwa Meneja, paka wao wa kijivu, aliyepata cheo hicho kwa sababu kazi yake ilikuwa kukalia vitambaa na kuwatazama wengine wakifanya kazi.

Mwaka ulianza na msiba. Dada yake Mwalimu alikufa kwa ugonjwa uliomla polepole, na dalili ya kwanza, kama Mwalimu alivyomsimulia kila aliyekuja kutoa pole, ilikuwa nguo kumpwaya. "Sketi ilikuwa inamzunguka kiunoni, mbele inakwenda nyuma," alisema, "naye anasema ni mpira umelegea." Tangu hapo Mwalimu akajitungia kipimo chake. Kila asubuhi alivaa gauni, akasimama mbele ya kioo, akaingiza vidole viwili kiunoni. Vikibanwa, alitoka chumbani anatabasamu.

"Zinanikaa, Fundi. Niko salama."

"Uko salama," Fundi alijibu, akaendelea na chai yake.

Basi ikafika asubuhi moja Mwalimu alikuwa uani anamwagilia maua, mgongo kauelekeza dirishani, na Fundi akaona. Gauni la bluu lilikuwa limeshuka begani na kukunjamana mgongoni, mahali alipolishona yeye mwenyewe likakaa sawasawa. Aliangalia tena, akijiambia ni upepo. Hapakuwa na upepo.

Mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Angemwita mkewe, amweleze, wavae viatu waende hospitali. Fundi alijua hivyo, wala tusimtetee. Lakini tayari alikuwa anamwona Mwalimu kaketi kitandani, vidole viwili vinacheza ndani ya gauni, anamfikiria dada yake. Sura hiyo hakuiweza. Mwalimu alipokwenda kwenye mazoezi ya kwaya, yeye alilichukua lile gauni, akaligeuza ndani nje, akabana mishono ya ubavuni na ya mikono, kila upande upana wa kidole. Akalipiga pasi na kulirudisha kabatini. Apumzike wiki hii tu, alijiambia, machozi yenyewe hayajakauka. Wiki ijayo nitamwambia.

Wiki iliyofuata alibana magauni mengine mawili.

Hapo ndipo mambo yalipomkaba. Kila gauni alilolibana lilimpa Mwalimu ushahidi mpya kwamba hana ugonjwa, na kadiri ushahidi ulivyozidi ndivyo ulimi wa Fundi ulivyokuwa mzito. Usingizi ukamhama. Mezani akawa anatazama sahani ya mkewe kuliko yake.

"Ongeza kidogo, Mwalimu."

"Nimeshiba. Vipi wewe, unataka kuniuza kwa kilo?"

Mwalimu alicheka, na Fundi akacheka naye.

Kufikia katikati ya mwaka magauni yote yalikuwa yamebanwa mara ya pili. Hapo Meneja akaacha kula. Mwalimu ndiye aliyegundua. "Huyu kapungua," alisema. "Mshike hapa mbavuni. Mnyama hawezi kusema, Fundi. Mwenye macho ndiye wa kumsemea." Fundi alimshika paka mbavuni na kuinamisha uso.

Wakampeleka kwa daktari wa mifugo, mama mmoja mchangamfu aliyevaa gamboti. Meneja alikataa kutulia kwenye mizani. Kila akiwekwa, alishuka.

"Basi mama, mbebe upande naye," daktari akasema. "Halafu upande peke yako, nitatoa uzito wako nipate wake."

Mwalimu akapanda na paka, kisha akamkabidhi Fundi paka na kupanda peke yake. Daktari akasoma kwa sauti: kilo hamsini na tatu.

"Mimi?" Mwalimu akashuka. "Mwaka jana nilikuwa sitini na mbili. Mizani yenu inakula watu, daktari."

"Haijawahi kunisumbua, mama."

Mwalimu akaingiza vidole viwili kiunoni. Vikabanwa. Hata hivyo alimgeukia mumewe, na safari hii hakuwa anacheka. "Fundi, vipimo vyangu unavyo wewe. Hebu niambie, nimepungua?"

Mlango ulikuwa huo, wazi kabisa, na aliyeufungua ni mkewe mwenyewe. Fundi alimbana Meneja kifuani mpaka paka akalia.

"Mizani mbovu," akasema.

Kumbe Meneja alikuwa na jino bovu. Lilipong'olewa, akaanza kula kama aliyefunguliwa jela, na mwezi haukuisha kabla hajarudia unene wake. "Unaona faida ya kuwahi?" Mwalimu alikuwa akimwambia kila akimpapasa tumbo. Fundi aliposikia hivyo aliondoka akaenda kujifungia bafuni, akafungua bomba bila kunawa.

Kisha zikaja habari njema: binti yao, aliyekuwa akiishi mji wa mbali, alijifungua mtoto wa kwanza. Meneja akaachwa kwa jirani, na wazee wakajiandaa kwa safari ya basi ya kutwa nzima. Fundi alifurahia mjukuu, lakini alikuwa na furaha nyingine ya kiwoga. Huko kuna binti mwenye macho, alijisemea. Ataona mwenyewe, atasema yeye. Hata hivyo, kabla ya kufunga mizigo, alibana magauni yote mara ya tatu.

Kituoni binti alimkumbatia mama yake, na mikono yake ikazunguka ikapitiliza. Akarudi nyuma hatua moja.

"Mama! Umebaki mifupa!"

"Mifupa gani? Magauni ni yaleyale, na yananikaa."

"Baba?"

"Safari imemchosha," Fundi alisema, na akajichukia hapo hapo.

Binti hakubembelezeka. Alimpakata mtoto wake akasema mama asipokwenda hospitali, mjukuu hamshiki. Mwalimu akakubali shingo upande. Huko muuguzi akampandisha kwenye mizani, nayo ikasema hamsini na moja. Mwalimu aliitazama kitambo kirefu bila kuitania. Mtu wa hesabu hawezi kuzipuuza mizani mbili zinazokubaliana.

Daktari alikuwa mtu mpole mwenye foleni ndefu mlangoni. Fundi na binti walikaa nyuma ya Mwalimu. Mwalimu akataja kilo zake za mwaka jana, daktari akauliza: homa? Kutapika? Hamu ya chakula?

"Imepungua kidogo. Si uzee huo?"

"Na nguo, zimeanza kukupwaya?"

"Hata moja." Mwalimu akaingiza vidole viwili kiunoni amwonyeshe, na Fundi akasikia sauti ya mkewe ikitetemeka. "Gauni hili ninalo miaka. Mwili hauwezi kupungua nguo isijue, au vipi, daktari?"

Daktari alilitazama gauni lilivyomkaa, akaitikia kwa kichwa. "Basi huenda mizani ya mwaka jana ndiyo iliyokosea. Sioni haraka. Nitakuandikia vitamini, upime tena baada ya miezi mitatu."

Kalamu ikaanza kutembea.

"Usiandike, daktari," Fundi akasema.

Wote wakamgeukia. Aliinuka, akapiga goti kando ya kiti cha mkewe kama alivyozoea kuwapigia goti wateja akiweka pini kwenye pindo, akaukunja mkono wa gauni na kuugeuza ndani nje. Mishono mitatu ilionekana, imepangana, na nyuma yake kimelala kitambaa cha bluu ambacho hakijaona jua miezi yote hiyo.

"Huu ni wa baada ya msiba," alisema. "Huu ni wa kabla ya paka kuugua. Huu ni wa safari. Ubavuni ni vivyo hivyo. Nimeyabana yote, daktari. Yeye hajui."

Daktari akaweka kalamu chini. Binti akajifunika mdomo. Mwalimu hakumtazama mumewe, aliutazama mkono wa gauni, akapitisha kidole kwenye mshono wa kwanza, wa pili, wa tatu, taratibu, kama alivyokuwa akikagua kazi ya mwanafunzi aliyeibia mtihani.

"Dada yangu angalau alijiona," akasema. "Mimi umeniziba macho, Fundi."

Vipimo vilionyesha uvimbe kwenye utumbo, na wiki ileile akafanyiwa upasuaji. Daktari hakuficha kitu. Wametoa wote unaoonekana, alisema, lakini kama Mwalimu angekuja mapema, yeye daktari angelala vizuri zaidi. Sasa ni dawa na kusubiri. Mwili ukirudi ni dalili njema, ukizidi kwisha warudi mbio. Fundi alilisikia lile neno "mapema" tu, mengine binti ndiye aliyemrudia baadaye.

Mwaka ulikuwa ukingoni waliporudi kwao. Meneja aliwapokea kwa kuwapa mgongo. Mwalimu hakuwa amemgombeza mumewe hata mara moja, na hilo ndilo lililomtia kiwewe. Angetukana, angevunja sahani, Fundi angeshukuru. Badala yake aliongea naye kuhusu dawa, chumvi na paka. Halafu siku moja akafungua kabati, akabeba magauni yote na kuyatupa juu ya cherehani. Meneja akaruka.

"Ulikata?"

"Sikukata hata kipande. Kitambaa chote kimo ndani."

"Ulikiacha cha nini?"

"Cha siku utakaponenepa."

Midomo ya Mwalimu ikamcheza. Fundi hakujua kama anataka kulia au kumpiga.

"Fumua," akasema. "Yote. Nataka yanipwaye."

Fundi akafumua kutwa nzima, nyuzi zikamjaa mapajani. Kesho yake Mwalimu akavaa gauni la bluu, likamning'inia kama limeazimwa, na ubavuni limepigwa mistari ya bluu mbichi. Akatoka nalo hivyo hivyo hadi dukani, mtaa mzima ukamwona.

Kuanzia hapo, kila Jumamosi alisimama sebuleni mbele ya mumewe, mikono kainyanyua kama mteja. Fundi alizungusha futi yake ya kupimia nguo kiunoni na kusoma kwa sauti. Jumamosi za kwanza namba haikusogea. Ilipofika ya mwisho ya mwaka, alizungusha futi, akaangalia, akailegeza, akaizungusha upya.

"Imeongezeka," akasema. "Nusu inchi. Mwalimu, imeongezeka nusu inchi!"

"Shikilia hapo hapo," Mwalimu akamwambia.

Akanyoosha mkono mezani, akachukua miwani yake, akaivaa, akainama na kusoma mwenyewe.