Kopi ya Barua ya Mama

Kibanda kilikuwa na mashine moja ya kopi na dada mmoja wa kuiendesha. Shule yake iliishia darasa la saba, lakini mashine ile aliijua kama mama anavyomjua mwanawe: ikikohoa tu, anajua karatasi imekwama wapi. Wateja nao ni wale wale, huondoka na kopi wakaiacha asili juu ya kioo. Ndiyo maana dada humuaga kila mteja kwa neno moja: "Asili yako, usisahau." Kaka yake alimbandika jina la Kasuku.

Asubuhi hiyo kaka aliingia na begi begani, anasafiri kwenda kazini mbali. Mezani baina yao ililala barua ya marehemu mama yao, barua pekee aliyowahi kuwaandikia, kwa penseli, karatasi nyepesi, mbele na nyuma. Wiki nzima walikuwa wakiivutania.

"Mkubwa ni mimi," kaka akasema.

"Na aliyemuuguza?"

Kaka akainama. "Sasa mimi niende na kopi? Kopi ni kivuli, Kasuku. Kivuli hakikumbatiwi."

Mwalimu mstaafu, aliyekuwa akingoja zamu yake, akajikohoza. "Mnisamehe, wanangu. Hilo neno kopi Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao wakalitoa kwenye Kilatini. Huko lilikuwa kopia, yaani wingi, neema tele. Kivuli hakimo. Kitu kilikuwa kimoja, kimezidi."

"Mama hazidi, Mwalimu," kaka akasema, ila kwa upole.

Dada akaichukua barua. Aliweka karatasi nyeusi nyuma ya barua ili maandishi ya upande wa pili yasijitokeze, kisha akabonyeza. Kopi ikatoka nyeupe pee. Kufuta madoa ndiyo sifa yake mjini.

Kaka akaitazama, akairudisha. "Kidole chake kiko wapi?"

Kweli, pembeni mwa barua mama aliacha alama ya gumba lenye mafuta. Dada akakoleza wino, akarudia. Mara ya tatu gumba likatokea, mistari yake yote. Kaka akaweka gumba lake juu ya lile la mama, asiliondoe.

"Haya, chukua asili," dada akasema. Akaitia kwenye bahasha, akampa. Kopi akaiacha mezani, ndiyo fungu lake.

Trei ya mashine ilikuwa tupu. Akainama chini ya meza kutafuta karatasi.

"Kasuku, nimekwenda," kaka akasema kutoka mlangoni.

"Nenda salama, kaka."

Alipoinuka, kopi haipo mezani. Amebeba zote mbili?

"Nitolee tano, mwanangu," Mwalimu akasema, akimpa karatasi yake.

Dada akafunua kifuniko cha mashine. Juu ya kioo ilikuwa bahasha, na ndani yake barua ya penseli. Juu ya bahasha kaka ameandika harakaharaka: Asili yako, usisahau.

Mwalimu alikuwa akitazama barabarani, kama mtu ambaye hajaona kitu.