Mpigeni Makofi

Kipindi cha usiku wa manane kilirekodiwa saa tisa alasiri. Nyuma ya kochi la mgeni kulikuwa na pazia lililochorwa jiji lenye taa, na juu yake mwezi wa plastiki ambao fundi aliupangusa vumbi kwa soksi kuukuu. Watazamaji waliingia wakitoka kwenye jua kali, wakaketi, wakaambiwa kwamba sasa ni usiku, wakakubali. Ukishakubali hilo, mengine yanapita yenyewe.

Mtu wa kuwachangamsha watazamaji aliitwa Mpasha-joto, na alikuwa na haraka ya kuzaliwa nayo. Badala ya kusema "mpigieni makofi" alisema "mpigeni makofi." Irabu moja tu aliimeza, na tangu aajiriwe, makofi ya studio ile yalikuwa yanatua. Hayakutua kwa mgeni, maana mgeni ni staa. Yalitafuta shavu la mtu wake aliyezoea kuyapokea kwake nyumbani. Alipoalikwa mwimbaji wa nyimbo za dini, dada wa kazi aliyembebea mkoba alirudi nyumbani jicho limevimba. Alipoalikwa bingwa wa ndondi hakuumia mtu. Yule alikuwa anapigana kazini tu.

Mtayarishaji aliliweka jambo hilo fungu moja na kiyoyozi kinachovuja. Barafu ikawa inanunuliwa pamoja na soda za wageni, na waliofuatana na staa wakawa wanakalishwa nyuma ya nguzo, kamera isiwafikie.

"Hivi kusema mpigieni kunakugharimu nini?" mpambaji wa studio alimuuliza Mpasha-joto siku moja.

"Nilishajaribu, dada. Muulize fundi sauti."

Fundi sauti alivua vyombo vyake masikioni. "Makofi ya hewani yanasikika kama watu wanakung'uta unga mikononi. Haya yanayotua yana uzito. Mtayarishaji anayapenda."

Mpambaji alirudi chumbani kwake, akaosha brashi. Alikuwa anajua kwamba zamu ya shemeji yake inakuja.

Shemeji huyo aliitwa Baba Mpole, jina la kwenye tamthilia, na hakuna aliyekumbuka lile la kuzaliwa. Kwenye tamthilia alikuwa mzazi anayepiga magoti kuwaomba watoto wake msamaha. Nyumbani alikuwa mume wa mdogo wa mpambaji, na mpambaji ndiye aliyemfunika mdogo wake poda kila palipokuwa na harusi, msiba au wageni. Walikuwa wamekwenda kumweleza mama yao, wote wawili, wakiwa wameshikana mikono kama watoto. Mama aliwapokea vizuri. Ni mwanamke ambaye hakuwahi kuwanyooshea mkono wanawe hata mara moja, na kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda tangu kilipobanwa na mlango.

"Huyu huyu anayelia kwenye tamthilia?" alisema. "Mwanangu, wewe una deko."

Kwa hiyo siku ya kurekodi mpambaji alimkalisha mdogo wake mstari wa mbele, mbali na nguzo. Alishika kopo la poda, kisha akaliweka.

"Usinipake," mdogo mtu alisema. "Safari hii mama aone mwenyewe."

Baba Mpole aliingia akiwa ameweka mkono kifuani. "Mpigeni makofi!" Vidole vikaanza kujichora kwenye shavu la mke wake, vya kila saizi, vingine vina alama za pete. Mpiga kamera, ambaye anapenda uso wenye machozi, alisogea karibu. Mwanamke hakuinama. Alilielekeza shavu kwenye kamera kama alivyoelekezwa na dada yake.

"Shemeji yetu ameguswa!" mtangazaji alisema.

"Mke wangu ana moyo mwepesi," alisema Baba Mpole.

Makofi. Hereni ikachomoka ikaanguka. Mzee wa kiti cha pembeni aliiokota, akampa kwa heshima, kisha akaendelea kupiga makofi.

"Na siri ya ndoa yenu?"

"Kusikilizana."

Wengine walisimama kwa hilo.

Baadaye Baba Mpole aliketi kwenye kiti cha vipodozi afutwe. "Shemeji," alisema kwa sauti ile ile ya tamthilia, "mbona leo mdogo wako hukumpaka? Mnataka kuniaibisha?" Mpambaji alifuta poda, akafuta wanja, akafuta mafuta. Upole ulibaki palepale. Alimchukia, na pamba ikamwingia mtu yule jichoni. Aliomba radhi.

Kipindi kilirudiwa Jumapili mchana, saa ambayo mama huwa na majirani sebuleni. Wale ndugu wawili waliketi jikoni kwa dada mtu, simu iko katikati ya meza, chai inapoa. Hawakuwasha televisheni. Walikuwa na matumaini mengi sana, na mdogo mtu alikuwa amekuja na nguo zake kwenye mfuko.

Simu iliita.

"Nimemwona!" mama alisema. Nyuma yake majirani walikuwa wanacheka. "Kila mtu hapa anamsifu. Ila wewe, dada gani wewe? Umemjaza rangi mashavuni kama mwanasesere."

"Mama, ile si rangi."

"Basi ni mataa yenu. Poda ipo ya nini?"

"Mama, mtazame vizuri. Tazama hilo shavu."

"Si ndiyo nalitazama! Hebu ngoja kwanza, mkwe wangu kasema neno zuri hapa."

Simu ililazwa mezani kule, bila kukatwa. Ilisikika sauti ya Mpasha-joto kutoka kwenye televisheni, ikimeza irabu yake. Mama akapiga makofi, na majirani nao.

Mdogo mtu aligeuka upande kidogo. Shavuni mwake, juu ya alama zilizokwisha kuanza kufifia, ulitokea mkono mdogo wenye kidole cha mwisho kilichopinda. Aliupapasa taratibu mpaka akakifikia kidole hicho.

"Mama hajawahi kunipiga," alisema.

Ulitokea mwingine juu yake. Dada mtu alikata simu, lakini hiyo haikuzuia kitu. Akavuta kopo la poda, akalifungua. Mdogo wake aliusukuma mfuko wa nguo chini ya meza, akafumba macho, akaleta uso. Baba Mpole alikuwa amesema atapita kumchukua saa kumi, na hapendi kusubirishwa.