Samarkand ya Mama Jeanne

Siku ile mjinga alikuwa Gustave, na ukimuuliza mwenyewe atakuambia usijichoshe kumtafutia mwenzake. Wako wajinga wa kuzaliwa na wako wa kujitengenezea. Yeye alijitengenezea, akaupamba ujinga wake kwa maputo ya manjano, kisha akaalika watu waje kuutazama.

Mama yake, Jeanne, fundi cherehani wa mtaa wa Bertrams, Joburg, alikuwa anatimiza miaka sitini. Gustave, ambaye hutengeneza simu kwenye kibanda chake karibu na uwanja wa Ellis Park, alimuuliza anataka zawadi gani. Mama hakuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Nataka kuiona Samarkand kabla sijafa."

"Samarkand ndiyo wapi, mama? Ukishapita Pretoria?"

"Wewe cheka tu."

Naye akacheka, maana kucheka ndiko kulikomfikisha alipo. Kibanda chake kimevunjwa mara ambazo ameacha kuzihesabu, na kila mara alikifungua tena kwa mzaha mpya kwa waliokivunja. Usiku aliitafuta Samarkand kwenye simu. Akaona mji wa kale huko Uzbekistan, katikati kabisa ya Asia, wenye makuba ya buluu kama anga iliyofuliwa. Akamkuta pia mwongozaji wa watalii, mwanamke aitwaye Dilfuza, mwenye Kifaransa safi. Huyu alikuwa na ziara ya watu wasioweza kusafiri: yeye anatembea mjini kutwa na simu mkononi, wewe umekaa kwako unatazama. Mgeni ni mmoja tu, na njia anachagua mgeni.

Hilo liliwafaa. Kwa karatasi za ukimbizi alizo nazo Mama Jeanne, hata mpaka wa Zimbabwe angeutazama kwa mbali, sembuse Asia.

"Jumamosi nakupeleka Samarkand," Gustave alimwambia.

Mama aliweka mkasi chini. Akamshika mashavu yote mawili kama mtoto. "Aksanti, mwanangu. Nilijua kwamba atakayenipeleka ni wewe."

Macho yake yalikuwa na maji. Gustave akasema moyoni, mama amefurahi. Hapo ndipo ujinga ulipoanza kupata miguu.

Kwa watu wa Lubumbashi walioko Joburg furaha hailiwi peke yako, na sherehe isiyo na sare ni kikao cha kawaida tu. Shekinah, mke wa Gustave, alitafuta kitenge cha manjano chenye tausi, wanawake wakashona kwa siri kwa fundi wa Troyeville ili Mama Jeanne asijue. Viti viliazimwa kanisani. Televisheni kubwa iliunganishwa na simu. Aliitwa pia Papa Théodore, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Gustave. Tangu msiba wa baba, yeye ndiye anayefungua kila kikao cha ukoo na kukifunga. Alikuja na fimbo, suti, na hotuba mfukoni.

Mama Jeanne alikuwa amejifungia chumbani tangu Ijumaa, akifunga na kuomba. Gustave aliwakonyeza wageni: mnaona, mama anajiandaa kwa safari.

Jumamosi mlango wa chumba ukafunguliwa. Sebule nzima ikapiga vigelegele. Mama Jeanne akasimama mlangoni amevaa gauni jeusi, kitambaa cheusi kichwani, miguu mitupu, hana hata hereni.

"Ah, mama!" Gustave akaruka na kuinua mikono. "Watu wa Samarkand wakikuona hivyo watadhani umekwenda kuzika!"

Watu wakaangua kicheko. Papa Théodore mwenyewe alicheka mpaka akaegemea fimbo.

Mama hakucheka, wala hakukasirika. Alitazama maputo, akatazama tausi wa manjano mmoja mmoja, kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Kisha akapita katikati yao, akakaa kwenye kiti cha mbele.

"Washa," alisema.

Dilfuza akatokea kwenye kioo, mwanamke wa makamo mwenye meno ya dhahabu na kofia ya jua. Akasalimu kwa Kifaransa, akageuza simu, na sebule ya Bertrams ikajaa uwanja mpana uliozungukwa na shule tatu za kale, kuta zake vigae vya buluu toka chini hadi juu. Wageni wakanyoosha shingo. Gustave alikuwa akiwatafsiria waliosahau Kifaransa, na kila alipotafsiri aliongeza chumvi.

"Anasema mfalme aliyejenga huu mji alikuwa mkali sana. Eish, huyo angekuwa Hillbrow leo, kila chumba angewapangisha familia tatu!"

Wakacheka. Wakapelekwa sokoni, wakaonyeshwa mikate ya duara yenye kung'aa, na Gustave akauliza kama inauzwa na chai. Wakaonyeshwa msikiti ambao kuba lake lilianguka likajengwa upya. Shekinah alipitisha sambusa. Mama Jeanne hakugusa. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, na kila picha ilipobadilika alisogea mbele kidogo, kama anayetafuta uso katika umati.

Mwishowe akasema, "Mwambie yanatosha. Ni mazuri, nashukuru. Sasa aende makaburini."

"Ya wafalme? Hayo yanakuja, mama, usiwe na haraka, tumelipia kutwa."

"Ya Wakristo. Yale ya zamani, ya Warusi. Yaya yangu amelazwa upande wa ukuta, kwenye mforosadi."

Sambusa zikasimama mikononi. Nje, ndege wale wa Joburg wanaolia kama mlango mkavu walipita juu ya bati wakipiga kelele zao.

"Yaya gani, mama?" Gustave aliuliza, ingawa yaya kwao ni ndugu mkubwa, na mama yake alikuwa na kaka mmoja tu.

"Somo yako. Yule tuliyekupa jina lake."

"Lakini mjomba alifia Urusi! Maisha yangu yote mnasema Urusi!"

"Wakati ule kote kule tulikuita Urusi," alisema Mama Jeanne. "Mimi nilidhani unajua. Uliposema unanipeleka, nilidhani umejua."

Hapo mzaha wote ukamtoka Gustave kama hewa. Alikumbuka alichosema mlangoni, akatamani ardhi ya Bertrams, iliyochimbwa dhahabu hadi ikawa tupu, ifanye hisani imeze na mtu mmoja zaidi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi, na wakubwa wote mle walilijua nusunusu. Gustave wa kwanza aliondoka Lubumbashi kijana, kwenda kusomea udaktari. Baridi ya kule ikamwingia mapafuni, akafa kabla hajamaliza, wakamzika kulekule. Mwenzake wa masomo aliporudi ndiye aliyeeleza habari za ukuta na mforosadi. Na katika ukoo wao, matanga hayaanuliwi mpaka mtu wa damu aone kaburi kwa macho yake. Bibi, mama mzazi wa Jeanne, alikufa akingoja. Akamwachia Jeanne: "Wewe ndiye uliyebaki. Mwone kaka yako, kisha mwache aende." Basi Jeanne alikaa katika msiba huo maisha yake yote ya utu uzima, katika nchi ngeni, bila kumsumbua mtu. Alikuwa hachezi ngoma. Hata harusini kwa Gustave alikaa kitini usiku kucha, mkoba mapajani, na mwanawe akawatania watu kwamba ulokole umemkausha mama magoti.

Gustave alimweleza Dilfuza kwa Kifaransa, safari hii bila chumvi. Mwanamke yule akavua kofia yake ya jua.

"Mama," alisema, "kwa nini hamkuniambia asubuhi? Nisingewaonyesha mikate."

Akapanda teksi. Simu ikawa inaonyesha barabara tu, miti, ukuta, miti. Hakuna aliyeondoka. Gustave akaanza kushusha maputo, moja baada ya jingine, polepole, akiyabana kwapani. Moja likapasuka. Hakuna aliyemtazama, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake.

Kwenye lango la makaburi Dilfuza alizungumza na mlinzi, mzee mwenye koti. Mzee akauliza kitu, Dilfuza akageukia simu. "Anasema, yule daktari Mwafrika? Kwa nini hatukusema mapema, yuko mmoja tu."

Wakapita kwenye majani marefu, misalaba ya chuma iliyolala ubavu, mawe yenye picha za watu wa zamani. Ukuta ukaonekana. Mforosadi haukuwepo, kulikuwa na kisiki kipana, na pembeni yake jiwe la kijivu lisilo na urembo. Dilfuza akalifuta kwa kofia yake. Maandishi yalikuwa ya Kirusi, akayafuata kwa kidole, akasoma kwa sauti:

"Gustave."

"Naam," Gustave akaitikia.

Ilimtoka tu, kama inavyomtoka mtu yeyote akiitwa. Alisimama pale katikati ya sebule na maputo kwapani, akiwa ameitikia wito wa kaburini, na katika watu wote wale wanaojua kucheka hakuna aliyecheka.

Mama Jeanne alishuka kitini mpaka chini. Akaweka kiganja kwenye kioo cha televisheni, juu ya jiwe, akaanza kulia. Hakikuwa kilio cha siku ile. Alikuwa amekitunza, kikakomaa, na kilipotoka kilitoka na majina: la mama yake, la baba yake, la mtaa wao wa Lubumbashi, na "yaya, yaya, nimechelewa, yaya". Wanawake wa tausi wakavua vilemba, wakajifunga viunoni, wakakaa sakafuni kumzunguka. Huko Samarkand, Dilfuza alikaa kwenye majani na kuishikilia simu. Mkono ulipochoka aliihamishia mkono wa pili.

Kilio kilipopoa, Mama Jeanne alijifuta uso kwa upindo wa gauni, akavua kitambaa chake cheusi. Nywele zake zilikuwa nyeupe kuliko Gustave alivyofikiri.

"Shekinah, nipe mkasi wangu. Gustave, njoo. Wewe ndiye somo yake. Nikate nywele, tuanue matanga."

Gustave akaupokea mkasi. Papa Théodore akagonga fimbo sakafuni.

"Hapana. Weka chini huo mkasi."

"Baba mkubwa..."

"Nimesema weka chini. Shemeji Jeanne, nimelia pamoja nawe, Mungu ameona. Lakini tusifanye mchezo na mambo ya wazee. Matanga hayaanuliwi mbele ya televisheni. Wazee wa Lubumbashi hawajaketi. Udongo wa kaburi uko wapi? Nani ameushika? Simu haina udongo."

"Ameliona, baba mkubwa," alisema Gustave. "Sote tumeliona."

"Wewe nyamaza, wewe ndiye uliyetuletea maputo."

Gustave akanyamaza, maana lilikuwa kweli. Lakini mkasi hakuuweka.

"Tumeona jiwe," Papa Théodore aliendelea, sasa akiwageukia wageni, na wanaume wawili watatu wakaanza kutikisa vichwa kukubali. "Mawe ni mengi. Huyo mwanamke tunamjua? Tumekula naye? Akitaka kuturidhisha, hawezi kusimama mbele ya jiwe lolote na kusoma jina lolote? Nani hapa anasoma Kirusi? Mimi ni mkubwa wa hapa, na kesho wazee wataniuliza: Théodore, mliona kwa macho gani? Nitawajibu nini? Kwamba tuliona kwa macho ya mtu tusiyemjua, aliyekuwa ng'ambo ya dunia?"

Shekinah alimtazama mumewe. Gustave alimtazama mama yake. Kama matanga yangekataliwa leo, alijua, hayangeanuliwa tena. Hakuna aliyebaki wa kuyaanua, na mama angezikwa hapa Joburg akiwa bado na msiba wa watu wawili, wa kaka yake na wa mama yake. Kwenye kioo, Dilfuza, asiyejua neno la Kiswahili, alikuwa bado ameketi kando ya jiwe akingoja.

Mama Jeanne hakusimama. Aliongea akiwa palepale sakafuni, kichwa wazi, sauti ya chini, kama anayemkumbusha mtu alikoacha viatu.

"Shemeji, siku yaya alipokufa, wewe ndiye uliyepokea simu ofisini kwako, maana nyumbani hatukuwa na simu. Mtu usiyemjua, aliyekuwa ng'ambo ya dunia, alikwambia Gustave amekufa. Ukaja mbio nyumbani ukatuambia tumlilie. Siku ile hukuomba udongo."