Ringi za Gari la Mwalimu Rwekaza

Jumamosi mbili nzima Prudencia alizimalizia uani kwao Buhongwa, amechuchumaa mbele ya magurudumu ya gari la marehemu baba yake. Wazo lilitoka kwa kaka yake, Revocatus. Alisema Desemba wakienda Muleba kubariki kaburi la Mzee, gari liingie kijijini likiwa safi kama alivyolipenda mwenyewe. Prudencia hakuhitaji kubembelezwa. Baba yake, Mwalimu Rwekaza, alimfundisha kuendesha kwa gari hilohilo, na tangu afariki ni yeye aliyekuwa akiliwasha kila wiki ili betri isife.

Revocatus alipiga jeki, akafungua magurudumu, kisha akavuta kiti kivulini. Kazi iliyobaki ikawa ya dada yake. Alizisugua ringi kwa msasa mpaka kutu ikatoka na vidole vikachubuka. Akaziosha, akazianika, akafunika matairi kwa magazeti. Ringi ya kwanza aliipulizia rangi kwa karibu mno, ikachuruzika, ikabidi aisugue upya. Kuanzia ya pili alishaelewa: unatikisa kopo vizuri, unasogea nyuma kidogo, unapitisha mkono haraka, unasubiri ikauke ndipo unarudia. Mama yao alipita mara kwa mara na beseni la nguo, akatazama, asiseme neno. Revocatus alipiga picha. Prudencia alidhani ni za kumbukumbu, hata akamtabasamia.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Dorotea, mwenzake wa kwaya, alimvuta pembeni akamwonyesha simu.

"Si gari la baba yenu hili?"

Lilikuwa lenyewe, kwenye kundi la wauza magari. Tangazo lilisifia ringi zinazong'aa na mzee aliyelitunza. Katika picha moja ulionekana mkono wa Prudencia umeshika kitambaa, kucha zimejaa rangi ya fedha.

Alipofika nyumbani alimkuta mnunuzi, bwana mmoja wa Sengerema aitwaye Shimba, akilizunguka gari, Revocatus nyuma yake. Prudencia aliwapita akaingia jikoni, ambako mama alikuwa akimenya ndizi. Akamuuliza kama alijua.

Mama hakuinua uso. "Kaka yako alisema ukijua utalia, na kazi haitaisha."

Hilo ndilo lililomkata maini. Ya Revocatus angeweza kuyameza siku moja. Yeye ndiye msimamizi wa mirathi, na tangu utoto alizoea kuamua peke yake. Lakini mama alimwona akichubuka vidole Jumamosi mbili, akanyamaza.

Alirudi uani akamwita kaka yake kando. Revocatus alijitetea kwamba gari lilikuwa linaozea pale, na yeye ana duka Geita linalohitaji kupanuliwa.

"Ungeniambia, kaka. Pengine ningekubali."

"Ungejua, usingepaka."

Shimba akasogea, akauliza ringi zimepakwa na fundi gani, maana ana gari jingine nyumbani. Revocatus akawahi kumjibu kwamba ni fundi wa mjini.

"Ni mimi," Prudencia alisema. "Nilikuwa napaka gari la baba yangu."

Shimba aliinamisha kichwa, akampa pole. Hata hivyo alilinunua, na kabla ya jua kutua gari likawa limeondoka.

Desemba Revocatus alikodi Noah ya kuwapeleka Muleba, akamwekea dada yake kiti karibu na mama. Prudencia alikuwa ameshapanda basi stendi ya Nyegezi siku mbili kabla, peke yake, bila kuaga. Walipofika walimkuta makaburini na shangazi yao, wanang'oa majani. Alinyanyuka, akamwamkia mama shikamoo kama ipasavyo, akampokea mzigo. Padri alipoanza sala alirudi kusimama upande wa shangazi. Mama alimtazama muda wote wa ibada. Prudencia hakugeuza uso.