Jina la Penseli

Kabla jua halijashika paa la boma, Naserian alikuwa ameshasema "shikamoo mwalimu" mara arobaini, ya mwisho akimwambia ndama. Alikuwa na miaka mitano, sare mpya iliyomkaa kama gunia lililosimamishwa, na sentensi tatu za Kiswahili. Mama yake, Nkoile, alimfundisha kwa wiki tatu wakati wa kukamua: shikamoo mwalimu, naitwa Naserian, naomba kwenda chooni. Kiswahili cha Nkoile mwenyewe kilitokana na kuuza maziwa Kilosa mjini, kwa hiyo kilikuwa hodari wa kubishana na dhaifu wa kuomba.

"Hizo tatu zinatosha," alimwambia kwa Kimaasai wakivuka reli. "Nyingine watakuongezea huko."

Mwalimu Yudith wa darasa la awali alikuwa na watoto mia moja na kumi na wawili, mikeka sita na koo moja. Hakuwa mtu mbaya. Watu wabaya tungewajua mapema tukawakwepa. Majina ya watoto wa mjini aliyaandika kwa wino. Ya watoto wa wafugaji, kwa penseli.

"Nyie si mnahama? Mnanichafulia rejista bure," alisema. "Wiki hii namtazama tu. Asipoweza kujieleza nafuta, mnarudi mwakani. Haya mama, nenda. Ukikaa hatazoea. Na ukiingia darasani, nitajua hajawa tayari."

Nkoile akaenda. Aliishia dirishani.

Naserian akamsogelea mwalimu, akafanya alichomfanyia kila mtu mzima tangu ajue kutembea: akainamisha kichwa, akasubiri mkono. Kwao mtoto hafungui mdomo mbele ya mkubwa mpaka aguswe utosini. Nkoile alikuwa amefundisha maneno yote. La mkono hakulifikiria. Nani hukaa chini amfundishe mtoto kupumua?

"Unaitwa nani?"

Utosi.

"We mtoto, nakuuliza, unaitwa nani?"

Utosi, safari hii chini zaidi, pengine mwalimu hakuuona.

"Umeninunia? Siku ya kwanza tu? Haya, simama hapohapo mpaka ulimi ufunguke."

Darasa likaendelea kuimba a, e, i, o, u. Rebeka, mpishi wa uji, akaja dirishani na mwiko wake.

"Dada, mwanao kadondosha nini pale chini?"

"Anasalimia."

"Kwa nywele?" Rebeka alicheka mpaka mwiko ukamwaga uji mguuni pake.

Ilipokaribia saa nne, Naserian alianza kubana miguu. Sentensi ya tatu alikuwa nayo mdomoni, nzima. Lakini hakuwa ameguswa. Nkoile akashika nondo za dirisha, akajiambia asiingie, asiingie. Kisha soksi nyeupe zikabadilika rangi, na sakafu ya sementi ikang'aa.

"Kakojoa! Mwalimu, kakojoa!"

Mwalimu Yudith akachukua raba, akaanza kufuta jina. Nkoile akaingia.

"Mwalimu, mguse kichwa. Anasubiri mkono wako. Kwetu ndiyo salamu."

"Nimguse? Nikianza kupapasa vichwa mia na kumi na viwili, nifundishe saa ngapi?" Akacheka, na darasa likacheka kwa sababu mwalimu amecheka. Akanyoosha fimbo ya kuonyeshea ubaoni, akagonga utosi mara moja, taratibu, kama anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Ilitosha. Naserian akainua uso.

"Shikamoo mwalimu. Naitwa Naserian. Naomba kwenda chooni."

Zote tatu, kwa mpangilio, bila kosa, katikati ya dimbwi lake.

"Marahaba," mdomo wa mwalimu ukajibu wenyewe, na darasa zima likalala kwa kicheko. Kwenye rejista ilibaki nusu ya jina. Akaitazama, akaweka raba chini. "Kesho nampa siku moja. Akiniletea tena utosi, namalizia."

Nkoile akavua shuka la begani, akapangusa sakafu. Hakuna aliyemwambia aache.

Walipovuka reli akapiga magoti, akamshika mtoto kidevu.

"Usiinamishe. Mtazame machoni, sema."

"Bila mkono?"

"Bila mkono."

Walifanya hivyo njia nzima. Nkoile anajifanya mwalimu, kichwa kinashuka, anakiinua. Kikashuka tena. Mara ya sita akampiga kofi, la kwanza tangu amzae. Mara ya saba kichwa hakikushuka.

Karibu na boma wakamkuta mzee Ntutu, babu yake Naserian, akirudisha ng'ombe kutoka mtoni. Mkono wake ulikuwa umeshanyooka kwa mazoea. Naserian akasimama wima, shavu bado la moto, akamkazia macho.

"Shikamoo mwalimu."

Mkono wa mzee ukabaki hewani.

"Mtoto amekuwaje?" aliuliza.

"Anasoma," Nkoile akasema.